Raha ya kazi nayo ina bei yake, tuipigieni hesabu

Mhariri, assalaam aleikum.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na naomba msinikate sana mana najijua, nikianza kusema sijui kunyamaza. Nataka kusema juu ya hili suala la kuacha kazi uliyoizoea kwenda kufuata mshahara mkubwa pengine, mana siku hizi hapa Unguja ukikaa na watu watano basi watatu wanakushauri uache kazi, na wawili waliobaki wanakwambia ukiacha umelaaniwa.

Wazee barazani watakwambia mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, tulia hapo hapo mwanangu, riziki haikimbiliwi. Vijana nao wana lao, mkaa bure si sawa na mtembea bure, toka hapo utaota kutu. Wote wanasema kwa mapenzi sikatai, lakini hakuna hata mmoja anaekuuliza swali la pesa. Hakuna anaeuliza unalipwa ngapi, unalipwa miezi mingapi kwa mwaka, michango ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, unapelekewa kweli au unakatwa tu kwenye karatasi, watoto wanabaki na nani. Wanakupa methali alafu wanainuka wanakwenda zao kunywa kahawa.

Mie nafanya kazi risepsheni kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ndogo tu, vyumba havifiki kumi na tano. Asili yangu Wete, Pemba, nakaa Fuoni, nna mume na watoto wawili wanasoma. Mshahara wangu ulikuwa 480,000. Ukinipima na kima cha chini, kile serikali ilichokipandisha 2022 kutoka 300,000 hadi 347,000 kwa watumishi wake na baadae sekta binafsi nayo ikasogezwa hapo hapo kwenye 347,000, basi mie si wa kulia. Ukinipima na bei ya mchele, gesi, nauli na madaftari, si wa kucheka pia. Sasa ikaja ofa kutoka hoteli moja kubwa kaskazini, Nungwi, 750,000, cheo kimepanda, na beji ya jina kifuani. Ndugu zangu walipiga vigelegele kabla mie sijafungua mdomo. Dada yangu mkubwa akanipigia simu kutoka Chake Chake, "weye una wazimu? laki saba na nusu, unafikiria nini tena?"

Nilikuwa nafikiria Aprili na Mei.

Mana mkataba walionipa nikausoma wote, na ndani yake mna kifungu kidogo kinasema hoteli ikifunga kwa masika mfanyakazi anakwenda likizo bila malipo. Hichi si kitu cha ajabu, kila aliewahi kufanya kazi ukanda wa pwani anajua, mvua ya masika ikishuka wageni wanaondoka, mahoteli mengine yanafunga kabisa yanapaka rangi na kuezeka upya makuti, na stafu wanarudi kwao kusubiri wapigiwe simu. Kwa hiyo ile 750,000 si mara kumi na mbili, ni mara kumi. Ni 7,500,000 kwa mwaka, ukiigawa kwa miezi kumi na mbili ni 625,000. Mie na 480,000 yangu nalipwa mvua ije jua liwake, jumla 5,760,000. Kwa hiyo ile tofauti iliyomfanya dada yangu anitukane kwenye simu haikuwa laki mbili na sabini, ilikuwa 145,000 kwa mwezi, na hapo kodi haijapanda ngazi yake na ZSSF haijakata chake.

Alafu Nungwi kutoka mjini ni kama kilomita 60. Gari ya stafu ipo, sikatai, lakini linaondoka watu hawajaswali alfajiri na jioni kurudi ni majaaliwa, shifti ikichelewa na nyinyi mmechelewa. Sasa nani anawapokea wanangu wakitoka skuli, nani anawapeleka chuoni kusoma Kurani, nani anawaangalia mpaka saa mbili usiku? Nikauliza bei ya msichana wa kukaa nyumbani, nikaambiwa 120,000, na kula juu yangu. Toa 120,000 kwenye 145,000. Imebaki 25,000, na huyo msichana hajala bado.

Najua watu wa hoteli watanirukia hapa, watasema mbona huhesabu tipu, mbona huhesabu sevis chaji. Haya, nazihesabu. Ni kweli msimu ukichanganya, kuanzia Julai mpaka Oktoba na tena Disemba mpaka Februari, weita mzuri anaweza kurudi na tipu zikakaribia mshahara wake, nawajua watu wamejenga kwa tipu. Lakini tipu za weita si tipu za risepsheni, mgeni anampa aliemletea samaki, sie tunampa yeye risiti. Na tipu haiandikwi popote, ukienda benki kuomba mkopo hawaitambui, ukistaafu ZSSF haiijui. Ukiwa jikoni au baa au kwenye boti za kupeleka wageni Mnemba, ipigie hesabu yako mwenyewe, pengine yako inakwambia uende na uende leo. Mie nasema yangu.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ile watu wanayoiita raha, "una raha bwana hapo ulipo, umezoea." Hili neno raha linatumika kama vile ni kitu cha kulala. Mie nikakaa nikajiuliza raha yangu hasa ni ipi, nikakuta ukiikunjua ndani yake mna pesa.

Kwanza karafuu. Nyumbani Pemba tuna shamba la mikarafuu, si kubwa, la familia, na baba yangu umri umekwenda hawezi tena kusimamia. Msimu wa karafuu ukifika lazima awepo mtu wa nyumbani, si lazima apande mti, lakini awepo. Mana wachumaji wanalipwa kwa pishi, na pishi lazima apime mtu mwenye uchungu nazo. Usiku mnakaa ukumbini mnachambua, unakishika kishada hivi kwa mkono mmoja unakisukuma na kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondokea upande huu makonyo upande huu, mpaka viganja vinawaka moto na harufu haitoki hata ukioga mara tatu. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, na hapo ndo pa kuwa na mtu mwenye akili, mana wingu likitanda inabidi mkimbie mzikusanye zote, zikilowa zinaharibika rangi na kwenye kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja inashuka. Kilo ya karafuu nzuri inakwenda zaidi ya shilingi elfu kumi. Magunia mawili matatu yakishuka daraja, au yakipungua njiani kwa wajanja, familia imepoteza malaki. Sasa bosi wangu, kila msimu, ananiachia niende Pemba mpaka wiki mbili na hanikati hata senti. Ile si raha, ile ni fedha, ila inaingia kwa mlango wa baba yangu badala ya mlango wangu.

Pili Ramadhani. Kwetu kazini mwezi wa Ramadhani natoka saa nane mchana. Nikifika nyumbani napika mikate ya kumimina na sambusa za oda, majirani na watu wa ofisini kwa mume wangu wananiagizia, na pesa ninayoipata mwezi ule mmoja ndo inayonunua nguo za sikukuu za watoto na inabaki ya ada ya tuisheni. Hoteli kubwa Ramadhani haina habari nayo, mgeni anataka chakula cha mchana saa saba na weye umefunga unamtilia juisi, unafungua kwa tende mbili nyuma ya kaunta. Wapo wanaoweza na Mungu awalipe, mie nasema tu kuna bei.

Kwa hiyo nikiyajumlisha yale, karafuu na mikate na kutolipa msichana na kulipwa wakati wa masika, ofa ya laki saba na nusu ilikuwa inanipunguzia kipato. Dada yangu alipoona hesabu akasema "aah." Hajawahi kusema aah mbele yangu tangu tumezaliwa.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani nawaambia watu wakae. Hapa ndo penyewe nilipotaka kufika.

Mtaani kwetu kuna mama mmoja, simtaji, kafanya kazi dukani Darajani miaka na miaka, tangu hajaolewa. Bosi wake alikuwa mtu wa watu. Mtoto akiumwa anapewa pesa ya spitali, sikukuu anapewa mchele na kitambaa, msibani anatoka hata wiki, na mshahara mdogo lakini nani ataulizia mshahara kwa mtu anaekutendea hivyo. Ameitwa mara mbili na maduka mengine, amekataa, anasema "hapa nshazoea, Mzee kama baba yangu." Kweli alikuwa kama baba yake. Alafu Mzee akafariki, Mungu amrehemu. Arubaini haijafika wakaja warithi, hawamjui mama yule hata jina, wakataka funguo. Duka likauzwa kilemba, yaani haki ya kulipanga. Mama akaenda ZSSF kuulizia chake akakuta hajawahi kuandikishwa. Mkataba hakuna, barua hakuna, hata karatasi ya mshahara hakuna, mana walikuwa wanapeana mkononi Ijumaa. Leo anauza maandazi mlangoni kwake, na akikaa na sie bado anamsifu yule Mzee, na mie najiuma ulimi.

Yule mama raha yake ilikuwa ya kweli, sikatai hata kidogo. Ila ilikuwa mkeka wa kuazima, mwenyewe akiondoka na mkeka unakunjwa. Watu wanaogombana "kaa" na "toka" wanagombania kitu sicho. Swali ni moja tu, hiyo raha yako imeandikwa wapi? Kama imeandikwa kwenye mkataba na ina saini, ihesabu kama mshahara kamili. Kama iko kwenye roho ya mtu mmoja, basi ipe nusu ya thamani yake, au robo kama mwenyewe ana presha na sukari.

Na mie nilipojiuliza swali hilo nikakuta zote zangu, karafuu na Ramadhani, ziko kwenye roho ya mtu mmoja mwenye miaka sabini na kitu. Nikamfata ofisini.

"Shikamoo Mzee, nna neno langu."

"Marahaba mwanangu, sema."

Nikamwambia nimeitwa kaskazini, laki saba na nusu. Akavua miwani akaifuta, hakuna vumbi lakini akaifuta. "Sasa unatuwacha?"

"Sijasema naondoka Mzee, nasema nimeitwa."

Akasema yeye hawezi kufika huko, nyumba ina vyumba vichache, wageni wenyewe siku hizi wanabuku kwa simu na makato ya mitandao ni makubwa. Nikamwambia simuombi laki saba na nusu, naomba 560,000, na ile ruhusa yangu ya karafuu na saa zangu za Ramadhani ziandikwe kwenye mkataba. Akacheka. "Baina yangu na yako leo tunaandikiana?" Nikamwambia ndio Mzee, kuna uhai na kuna mauti. Akanyamaza kidogo, alafu akasema "kweli." Tukakubaliana 540,000, na mkataba umechapwa upya, siku kumi za karafuu zenye malipo zimo, Ramadhani imo. ZSSF nilikwenda mwenyewe kuangalia michango yangu, ipo, alhamdulillahi. Kila mtu aende akaangalie yake, usisubiri uambiwe, karatasi ya mshahara kuonesha umekatwa si ushahidi kwamba imepelekwa.

Watu wengi hapa kwetu wanaona haya kumuomba bosi nyongeza, tena bosi mzuri ndo haya zinazidi. Wanaona ni utovu wa adabu. Wako tayari kuondoka kimya kimya bila kuaga, au kukaa kimya kimya na kinyongo, kuliko kukaa kitako wakasema "Mzee, naomba." Na mabosi wanalijua hilo. Ukisikia kazini wanasema sana "sie hapa ni familia" basi kaa macho, mana familia haina ovataimu, familia haidai likizo, na familia ikifika kugawana faida mara unaambiwa weye ni mfanyakazi. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, sheria yetu wenyewe, mana mambo ya kazi si ya Muungano, ya Bara yako mbali na yetu yako mbali. Wengi tunaguguli sheria tunasoma ya Bara tunakuja kubishana na bosi kwa kifungu kisichotuhusu, anatucheka. Nendeni ofisi ya kazi, mkaulize, hawaumi.

Haya, nasema sasa na vijana, mana nikiishia hapo watasema mama ana watoto ana shamba ana mikate, sie tuna nini? Ni kweli. Kama una miaka 22, hujaoa hujaolewa, hakuna anaekusubiri saa tisa mlangoni, hesabu yangu si yako. Ofisi ndogo ya mjini utaimaliza kwa mwaka, baada ya hapo unazunguka pale pale. Hoteli kubwa inakufundisha mfumo wa kompyuta, inakufundisha kugombana na mgeni kwa heshima, Kiwengwa huko vijana wanaongea Kitaliano kwa kusikia tu hawajakaa darasani hata siku moja, na ukiondoka una barua yenye jina ambayo kila pahala wanaijua. Hiyo nayo ni pesa ijapokuwa haiko kwenye mkataba. Ukiwa na umri huo ukaniambia umebaki kazini kwa sababu chai inakuja saa nne na bosi hapigi kelele, mie ntakwambia raha yako ghali kuliko unavyodhani, ondoka.

Na wanaotazama ng'ambo. Huku kila nyumba ina mtu Maskati au Doha au anataka kwenda, na habari zinazokuja ni za picha za simu tu. Mdogo wangu yuko Qatar, mlinzi. Qatar tangu Machi 2021 wana kima cha chini, riyali 1,000 kwa mwezi, na muajiri akiwa hakupi malazi anaongeza 500, akiwa hakulishi anaongeza 300. Riyali 1,000 ni kama dola 275, kwa shilingi inakaribia laki saba. Umeona? Ni karibu na ile namba ya hoteli ya kaskazini. Tofauti yake kule analala bure anakula bure na hana pa kuitumia, kwa hiyo karibu yote inakuja nyumbani, na kweli kajenga Konde huko Pemba, nyumba imefika lenta. Lakini analala chumba kimoja na wenzake, kazi ni masaa kumi na mbili kwa kusimama na jua lile si jua la kwetu, na mama yetu alipolazwa Chake yeye alimuona kwenye video. Nimemuuliza unajuta? Akasema sijuti dada, ila sirudii, nikimaliza kuezeka narudi. Hilo jibu nimelipenda kwa sababu anajua anauza nini na anajua anauza mpaka lini. Wanaonitisha ni wale wanaokwenda bila tarehe ya kurudi.

Oman watu wanadanganyana zaidi, kwa sababu ya udugu, kila mtu ana shangazi Maskati. Rial moja ya Oman ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hiyo mtu akisikia rial 325 anazidisha haraka haraka anaona ameshafika. Ile rial 325 waliyoiweka 2013 kama kima cha chini sekta binafsi ni kwa raia wa Oman, si kwa mgeni aliekwenda kwa viza ya kazi za nyumbani. Binti anaekwenda kufanya kazi ya ndani analipwa walichokubaliana tu, na mara nyingi aliekubaliana ni wakala si yeye. Mie sisemi asiende, nasema asome mkataba kwa lugha anayoijua kabla ya kupanda ndege, na wakala awe na leseni, na nakala ibaki kwa mama yake Pemba. Udugu wa shangazi hauna kifungu.

Niseme na moja linaloniudhi. Kuna maneno kwamba wenyeji wa visiwani wavivu, hawataki kazi za hoteli, ndo mana hoteli zinajaza watu wa nje. Nenda Paje au Jambiani uwaone kina mama wa mwani. Maji ya bamvu yakitoka wako baharini wamejifunga kanga, maji ya magoti, jua la utosi, wanafunga mbegu kwenye kamba mpaka migongo inakataa, na bei ya mwani nyote mnaijua ilivyo ndogo. Huyo ni mvivu? Baadhi yao walijaribu hausikipingi, mshahara mkubwa kuliko mwani bila mjadala, na wakarudi kwenye mwani. Kwa sababu mwani unakwenda na maji, maji yakijaa yuko nyumbani, jirani akifiwa anakwenda, mtoto akiharisha anabaki nae. Hoteli inamwambia siku moja ya mapumziko kwa wiki na ukikosa umeachishwa. Aliekuja kutoka mbali kapanga chumba nyuma ya hoteli, hana shamba wala bahari wala msiba wa kuhudhuria pale, kwake yeye mshahara ule unatosha kwa sababu hakuna anachokiacha asubuhi akienda kazini. Mwenyeji anakiacha, na anakijua kina thamani gani hata kama hajaandika popote. Hoteli zinazomtaka mwenyeji zilipe na kile anachokiacha, au zipange shifti kwa maji na kwa skuli, halafu tuone kama atabaki mvivu.

Na 2020 nisiipite hivi hivi. Machi ile ndege zilipozuiwa kwa korona, jirani yangu aliekuwa hoteli ya laki tisa alirudishwa nyumbani na begi lake kwa meseji ya simu. Sie, bosi wetu Mzee alitupa nusu mshahara miezi kadhaa akiuza vitu vyake mwenyewe. Lakini zilikuwepo nyumba ndogo zilizofunga milango na hazikulipa kitu, na zilikuwepo hoteli kubwa zilizowalisha watu wao, kwa hiyo simuambii mtu ndogo nzuri kubwa mbaya. Yule jirani alikuwa na akiba, mana laki tisa inaweka akiba, akaimaliza taratibu, na wageni walipoanza kurudi akaitwa. Sie wa nusu mshahara tulikopa. Mpaka leo sijui nani alitoka vizuri baina yetu, tumelizungumza mara nyingi uani tukianua nguo na hatujakubaliana.

Sasa ombi langu, Mhariri, na hili nalielekeza kwenu. Nyinyi mnachapisha matangazo ya kazi. Nimeyakata nimeyaweka mezani, tangazo baada ya tangazo, "mshahara mnono", "mshahara wa kuvutia", "mshahara kwa makubaliano", "awe mchapakazi na anaeweza kufanya kazi katika mazingira magumu." Digrii wameandika, umri wameandika, mpaka urefu kuna walioandika, pesa hawakuandika. Mtu anatoka Micheweni, anapanda gari mpaka Mkoani, anapanda boti, analala kwa jamaa Mwanakwerekwe, anapiga pasi nguo ya kuazima aende intavyuu, alafu ndo anaambiwa laki tatu na nusu. Angelijua tangu kule angelibaki na nauli yake. Waambieni wanaotangaza waandike mshahara ni ngapi, unalipwa miezi mingapi kwa mwaka, na masika inakuwaje. Wakikataa wapeni bei ya juu ya tangazo, wao si wana mshahara mnono. Hata mkianza na ule mstari mmoja tu wa mshahara, mie ntanunua nakala mbili, moja yangu na moja ya dada yangu Chake.

Wassalaam,
Msomaji wenu, mama wa watoto wawili
Fuoni, Unguja